Maji ya Ghorofani

Hai Amarat, Juba
14 Januari 2024

Mjomba Crispus,

Shikamoo, na pokea salamu za mwaka mpya, ingawa dereva wa basi akikwama Nimule kama kawaida yake zitakufikia zikiwa salamu za Pasaka. Sisi huku tu wazima. Joto limeanza mapema, na wageni hapa hotelini wananigombeza mimi msimamizi wa vyumba kana kwamba ni mimi niliyeleta jua. Omondi anakusalimu sana. Bado anafundisha hesabu, bado ananenepa, na bado analalamika kwamba chapati zangu ni ngumu huku akinyoosha mkono kuchukua ya nne. Watu wa kanisa la Friends hapo Kimilili wasalimie wote.

Nakuandikia barua kwa sababu simu kwako ni kazi bure tangu masikio yalipokufa. Juzi nilikuuliza habari za mama, ukanijibu habari za mahindi.

Mjomba, nataka mama aje kukaa nami. Krismasi nilijionea mwenyewe. Alitia chumvi kwenye chai mara mbili, na siku ile ya Boxing Day alibandika maharagwe akaenda zake kanisani. Wewe ni kaka mwema na nyumba yako imempokea tangu baba afariki, lakini wewe nawe umri umekwenda. Mimi siwezi kurudi nyumbani. Hoteli inanipa likizo mara moja kwa mwaka na nimeshaimaliza, na nikiiacha kazi hii sipati nyingine.

Nilipomwambia alikataa hata kabla sijamaliza. Hakukataa Juba, wala joto, wala bunduki anazozisikia redioni. Alikataa bafu. "Nitaogaje anapooga mkwe wangu?" Basi. Na wewe unajua hawezi kushindwa kwa jambo hilo, na sioni kwamba amekosea. Mama na Omondi hawajawahi kupeana mkono tangu tuoane. Akija hapo nyumbani kwako, Omondi hukaa nje kwenye benchi mpaka mama apite. Kwetu ni hivyo na kwao Wajaluo ni hivyo hivyo.

Nyumba tunayopanga ina mabafu mawili. La chini lina maji. La ghorofani lina shawa nzuri ya kung'aa ambayo haijawahi kutoa kitu ila hewa, kwa sababu tangi letu liko chini kuliko shawa yenyewe. Boza la maji likija linajaza tangi kubwa la ardhini, tunapandisha kwenye lile dogo la juu ya vyuma, na kutoka hapo maji yanateremka hadi jikoni na bafu la chini tu. Nikipata pampu ya kupeleka maji ghorofani, Omondi atahamia juu, mama atakuwa na bafu lake chini, na heshima itabaki mahali pake. Nimemweleza hivyo kwenye simu akasema, "Maji yakifika juu, nitakuja."

Wewe umeshughulika na maji maisha yako yote. Niambie ninunue pampu gani.

Mpwa wako,
Serah Nasambu


Kimilili
9 Februari 2024

Mpwa wangu Serah,

Barua yako ilifika ikinuka dizeli na samaki mkavu, kwa hiyo najua alikaa nayo vizuri dereva wako. Salamu za mwaka mpya nimezipokea mwaka ukiwa umeshachakaa. Huku ni kuzuri. Mvua haijaja, ng'ombe mmoja amezaa dume, na mchungaji mpya anahubiri kwa muda mrefu sana, jambo ambalo mimi silioni kuwa shida kwa kuwa simsikii.

Sasa hilo la pampu. Kwanza nikucheke kidogo. Miaka yote ile niliyosimamia mradi wa maji hapa mlimani, sikununua hata lita moja ya mafuta. Maji yalitoka juu Elgon yakateremka yenyewe, na kazi yangu ilikuwa kuyazuia yasipasue paipu za watu wa chini. Sasa wewe umekwenda kukaa kwenye nchi iliyolala kama meza, halafu unataka maji yapande. Mbona usiinue lile tangi dogo? Ongeza vyuma, lipite shawa kwa mita tano sita, umemaliza. Haliungui, halihitaji umeme, haliharibiki.

Kama haiwezekani, basi pampu. Lakini usiende dukani kuuliza pampu nzuri, maana muuzaji atakuonyesha ile iliyokaa sana. Pampu haichaguliwi kwa uzuri. Inachaguliwa kwa mambo mawili: maji kiasi gani kwa dakika, na yanasukumwa juu kiasi gani. Nipimie haya. Kutoka pale pampu itakapokaa hadi kwenye tundu za shawa, ni mita ngapi kwenda juu, juu moja kwa moja, si kufuata ngazi. Paipu ya kwenda huko ina urefu gani, na unene gani, nusu inchi au robo tatu. Ina kona ngapi, maana kila kona inakula nguvu. Na mtu akiwa anaoga juu, je, kutakuwa na mwingine amefungua mfereji huko huko juu? Mwisho, umeme wenu ni wa aina gani. Omondi ni mwalimu wa hesabu, mpe futi kamba afanye kazi ya maana angalau mara moja.

Mama yako ni mzima. Anasahau kidogo, kama sisi wote. Tumeweka kufuli langoni kwa sababu ya mbwa wa jirani.

Mjomba wako,
Crispus Wabomba


Hai Amarat, Juba
3 Machi 2024

Mjomba,

Shikamoo. Hongera kwa ndama. Huku joto limekuwa la kuua, na Omondi ananiambia watoto darasani wanalala wamefumbua macho. Alicheka sana aliposoma ile ya kazi ya maana, halafu akachukua futi kamba kwa hasira akapima nyumba nzima hata mahali ambapo hukuuliza.

Kuinua tangi haiwezekani. Nilimwita mwenye nyumba, mzee Manyang, mtu mwema lakini mgumu kama mlango wa benki. Alitazama vyuma, akatazama ardhi, ile nyeusi inayopasuka kiangazi na kuvimba mvua ikinyesha. Akasema jirani yake aliinua tangi na likamwangukia jiko. "Moya fi tihit, kalas," akaniambia, yaani maji yako chini na yatosha. Nikamweleza habari ya mama na mkwe wake. Hapo akalegea, maana na kwao Wadinka jambo hilo lina uzito. Akakubali niweke pampu, lakini tangi lisiguswe.

Vipimo ni hivi. Pampu itakaa kando ya tangi kubwa la ardhini. Kutoka hapo hadi tundu za shawa ni mita tano na nusu kwenda juu. Paipu ina urefu wa mita ishirini na mbili, nusu inchi, kona tisa. Huko juu ataoga mtu mmoja tu na hakuna mfereji mwingine. Umeme wa mji unakuja ukipenda, kwa hiyo tunategemea sola na inveta ya wastani, inayobeba friji ikinung'unika.

Nina swali dogo. Tuseme mtu, si mimi, amenunua pampu ya hospawa moja kwa sababu muuzaji alimwambia inafika mita sitini na inatoa lita hamsini. Je, si bora kuwa na nguvu nyingi ukapunguza, kuliko kuwa na chache ukakosa?

Jumapili nilizungumza na mama. Alijibu kila kitu vizuri, mzima, wazima, Mungu ni mwema. Kisha akauliza, "Na wewe nani tena?" Nikasema Serah. Akacheka, akasema alikuwa ananitania. Mjomba, mama hajawahi kunitania kwenye simu. Na mbwa wa jirani gani? Jirani yako ni mjane anayefuga bata.

Serah


Kimilili
12 Aprili 2024

Mpwa wangu,

Pasaka ilikuwa njema, tulikula kuku yule mkali aliyekuwa akimdonoa kila mtu, kwa hiyo ilikuwa pia sikukuu ya kisasi. Mvua imeanza na tunapanda. Mwambie Omondi vipimo vyake ni safi, na kwamba namwonea huruma kwa kuoa mtu anayenunua vitu kabla ya kujibiwa.

Maana umeshanunua. Hakuna mtu duniani anayeuliza "tuseme mtu, si mimi."

Sasa nisikilize, wewe na Omondi. Kile kibati cha pampu kinasema mita sitini na lita hamsini. Muuzaji anasoma kama tangazo la harusi, chakula na ngoma pamoja. Si hivyo. Mita sitini ni pale pampu inaposukuma juu kabisa mpaka hakuna tone linalotoka. Lita hamsini ni pale inapomwaga chini bila kupanda kokote. Haikupi vyote viwili kwa mara moja. Kadiri inavyopandisha, ndivyo inavyotoa kidogo.

Hesabu yako ni hii. Kupanda, mita tano na nusu. Ili shawa itoe maji ya kumwagika mwilini na si ya kudondoka, inataka msukumo kama wa tangi lililo mita kumi juu yake. Paipu ya nusu inchi, na kona zote zile, itakula karibu mita tano kwa lita kumi na tano kwa dakika. Jumla kama mita ishirini na moja, tuseme ishirini na tatu ili usijute. Tafuta pampu inayotoa lita kumi na tano ikiwa kwenye mita ishirini na tatu, si kwenye sifuri. Hiyo ni nusu hospawa. Nusu.

Ile ya hospawa moja usiiwashe. Mtu akifunga shawa, itasukuma mpaka karibu mita zake sitini zote ndani ya paipu za zamani zilizozoea maji ya kubembeleza. Na inapoanza inavuta umeme mara tatu nne ya ule wa kawaida, kwa hiyo inveta yenu itazima pamoja na friji. Irudishe dukani hata kwa hasara.

Bati la jikoni limeanza kuvuja upande wa mashariki, nitalitengeneza. Viatu vya mama yako sasa navitunza chumbani kwangu. Anakusalimu.

Mjomba wako,
Crispus Wabomba


Hai Amarat, Juba
19 Mei 2024

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ya Aprili nimeipata juma lililopita. Dereva aliugua malaria Gulu ikabaki kwenye koti lake. Naomba nisiseme mengi ya salamu. Sisi ni wazima wa mwili.

Niliiwasha. Barua ilikuwa bado Gulu na mimi nilikuwa nimechoka kungoja. Nilimwita Edrine, fundi Mganda anayetengeneza mabomba ya hoteli. Akaiangalia ile pampu, akaangalia ukuta, akasema, "Madam, hii pampu iko na nguvu kupita. Bomba iko mzee. Mimi naogopa." Nikamwambia aache woga. Maji yalifika juu, Mjomba! Shawa ilipiga sauti kama mvua ya kwao Kampala, Omondi akapiga makofi ngazini. Kisha Omondi akafunga shawa. Tukasikia kishindo ndani ya ukuta. Kiungo kilipasuka juu ya dari ya sebule, na kabla Edrine hajafika kwenye swichi, ubao wa dari ulikuwa umelala juu ya kochi. Inveta nayo ikafa. Mzee Manyang alikuja, akatazama, akatingisha kichwa, akaanza kuokota vipande vya dari mwenyewe. Afadhali angenitukana.

Sasa kuna jambo ambalo sikukuandikia. Tangu Februari Omondi ananiambia mama aje tu, yeye ataoga shuleni, kuna bafu la walimu. Mimi ndiye niliyekataa. Nilisema, mama atalalaje kwenye nyumba ambayo mkwe wake amefukuzwa bafuni kwa ajili yake? Nilimuuliza mama mwenyewe kwenye simu. Akasema, "Mtoto wa watu asihangaike kwa sababu yangu. Nitangoja maji." Alisema vizuri kabisa, kwa sauti yake ile ya kukata shauri. Nikajivunia. Nikafikiri, mtu anayekumbuka heshima namna hii hajapotea.

Jumapili iliyopita nilimuuliza tena kuhusu kuja. Akasema, "Kuja wapi?"

Niambie ukweli. Kwa nini kufuli? Kwa nini unatunza viatu vyake? Usinijibu habari za bati. Nakuomba, Mjomba. Ninakaa hapa nahesabu mashuka ya wageni na sijui mama yangu yuko vipi, na wewe unaniandikia kona za paipu.

Serah


Kimilili
23 Juni 2024

Serah,

Barua yako nimeisoma mara mbili nje, mahali asipoweza kuniona.

Viatu viko kwangu kwa sababu akiwa navyo anaondoka. Mwezi wa kwanza tulimkuta njia ya mlimani, anapanda kuelekea lile banio la zamani mtoni tulikochota maji tukiwa watoto. Juma moja baadaye alipita lango alfajiri, akapatikana sokoni Kamukuywa, viatu vimejaa vumbi, anauliza watu wamwonyeshe nyumba ya baba yetu. Baba yetu alikufa kabla hujazaliwa. Ndipo nikaweka kufuli.

Lakini shida yenyewe ni mimi. Mlango ukifunguka, sisikii. Akianguka, sisikii. Akiniita, sisikii mpaka anishike bega, na siku nyingine ameniita muda mrefu mpaka analia. Nimefunga kengele mlangoni, kisha nikakaa nikaitazama hiyo kengele nikajicheka. Nani ataisikia?

Nilikuandikia kona za paipu kwa kuwa kona za paipu naziweza.

Mlete haraka. Fanya hivi. Ile paipu ya ndani ya ukuta achana nayo, imekwisha. Mwambie Edrine, mtu mwenye akili, apitishe nyingine nje ya ukuta, robo tatu inchi, na kona chache awezavyo. Hapo paipu itakula mita moja tu badala ya tano, na nusu hospawa itatosha na kubaki. Aweke swichi ya presha ili pampu ijizime shawa ikifungwa, na vali ya kutorudisha maji. Na kama hayo yote hayawezekani juma hili, basi Omondi aoge shuleni. Mimi kaka yake ninasema hivyo.

Ila mama yako bado anakataa. Jana nilimwandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa, JUBA, KWA SERAH. Akasoma. Akauliza, "Maji yamefika juu?"

Crispus


Hai Amarat, Juba
28 Julai 2024

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Maji yamefika juu.

Edrine amepitisha paipu nje ya ukuta, robo tatu, kona nne tu, na pampu ni nusu hospawa kama ulivyosema. Inveta mpya inaibeba bila kunung'unika. Omondi ameoga ghorofani na akashuka akinukia sabuni, akaniambia ni mara ya kwanza anaoga kama mgeni wa hoteli yangu. Amehamisha miswaki yake, nyembe zake, na ile taulo mbovu anayoipenda. Chini nimesugua kila kigae, nimepaka rangi, nimeweka kiti cha plastiki na mkeka wa kutoteleza. Bafu lile sasa halijui kwamba kuna mwanamume duniani.

Binamu yangu amekubali kusafiri naye mpaka Nimule, na mimi nitampokea hapo. Mwambie mama. Mwandikie kwa herufi kubwa: MAJI YAMEFIKA.

Serah


Hai Amarat, Juba
8 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Mama alifika salama, mguu umevimba kidogo kwa safari, sasa umepungua. Anakula. Anapenda uji wa mtama na samaki wa mtoni wanaoletwa kutoka Rejaf. Hapo nje kuna mama muuza chai aitwaye Abul, na mama hukaa naye asubuhi, mmoja anaongea Kibukusu na mwingine Kiarabu cha Juba, na wanaelewana kuliko mimi ninavyoelewana naye.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu sikujua nianzie wapi.

Siku alipofika, Omondi alikuwa amesimama nje ya lango. Alipoona gari akafanya kama alivyofundishwa, akasogea pembeni, akainamisha macho ili mama apite. Mama alishuka. Mimi alikuwa ameniita "sister" njia nzima, kama nesi. Akamtazama Omondi. Akaenda moja kwa moja kwake, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akasema kwa Kibukusu, "Crispus, mbona ulichelewa?"

Omondi aliniangalia kama mtu anayezama. Mkono wake alishindwa kuuondoa.

Nikasema ni uchovu wa safari. Haukuwa uchovu. Mjomba, hajui kwamba ana mkwe. Hilo ambalo alilikumbuka alipokuwa amesahau chumvi, amesahau jina langu, amesahau kwamba baba yake amekufa, hilo nalo limeondoka. Sijui liliondoka lini. Labda kati ya Bungoma na Malaba. Labda siku ile nilipokuwa nasugua vigae.

Bafu la chini anakubali kuingia. Nilitaka aoge kwa starehe, nikamwomba Edrine aunganishe pampu na shawa ya chini pia. Nilipoifungua, mama alipiga kelele kama mtu aliyechomwa. Maji yanayotoka juu kwa nguvu yanamtisha. Akajikunja kwenye kona, akaficha kichwa, akaniambia, "Sister, usinipige." Sijamwambia mtu mwingine neno hilo.

Kwa hiyo anaogea kwenye beseni. Lakini mimi hataki nimguse. Ananifukuza, anasema hamjui mtu huyu, anavaa nguo zake mwili ukiwa na maji. Juma zima hakuoga. Ndipo siku moja akafungua mlango wa bafu akaita, "Crispus! Njoo unimwagie maji!" Akaita mpaka majirani wakasikia. Omondi alikuwa anasahihisha madaftari sebuleni. Nilimwona anaweka kalamu chini, anasimama, anakaa, anasimama tena.

Sasa ndivyo tunavyofanya. Omondi anasimama nje ya mlango, amegeuza mgongo, mkono mmoja ameupitisha nyuma ya pazia nililotundika mlangoni, na kikombe cha maji ya vuguvugu, anamwaga bila kuona. Mimi ndani nashika sabuni, na mama ananiruhusu kwa sababu "Crispus" yupo. Mtu mmoja duniani ambaye hapaswi kuwa karibu na mlango ule, ndiye pekee anayeweza kumwogesha. Akimaliza, Omondi huenda kukaa kwenye gari. Siku ya kwanza alilia humo. Ananiuliza kama amenajisi nyumba, kama kuna kitu cha kuchinja, na ndugu zake huko Siaya wakisikia watasema nini. Namwambia nitakuuliza wewe. Pampu yako iko ukutani, inafanya kazi vizuri kabisa, na hakuna aliyeihitaji.

Kungekuwa na faida gani akija Februari, Omondi akaoga shuleni? Angalau angekuja yeye mwenyewe. Angeninunia, angekataa kula meza moja na mkwe wake, ningempata mama yangu kwa miezi michache. Nilimngojesha kwa ajili ya heshima yake.

Kila anapomwagiwa maji anamuuliza Omondi swali lile lile. "Crispus, watu wa chini umewafungulia?" Omondi haelewi Kibukusu vizuri, nikamtafsiria, na bado hajui anaulizwa nini wala ajibu nini. Hujibu kwa kunyamaza, na mama huanza kuhangaika, anauliza tena na tena mpaka maji yanapoa. Tunajaribu yote mawili, kunyamaza na kubadili mazungumzo. Hakuna kinachosaidia.

Mwanao,
Serah


Kimilili
6 Oktoba 2024

Mwanangu Serah,

Nimepokea barua. Huku mahindi tumevuna, nyumba ni kubwa, na lango sifungi tena.

Omondi hajanajisi kitu. Mimi ndiye kaka, na neno la mama yako likimshinda yeye mwenyewe linabaki kwangu. Ndugu zake wakiuliza, waniandikie mimi. Asichinje hata kuku.

Wewe nawe usijitese kwa Februari. Mama yako aliyangojea maji kwa hiari yake, akiwa na akili yake, na nadhani kungojea huko ndiko kulikomshikilia.

Pampu msiiache ikae bila kazi, mpira wake wa ndani utakauka. Omondi aendelee kuoga juu.

Swali lile ni langu. Nilipoanza kazi ya mradi, kiangazi, maji yalikuwa machache. Nilifungulia watu wa juu asubuhi na watu wa chini jioni, na siku moja nililala nikawasahau wa chini. Mama yako alikuwa ameolewa huko chini, nawe ukiwa na umri wa kubebwa mgongoni. Alipanda mlima mpaka kwangu na ndoo tupu kichwani na wewe mgongoni, akanigombeza mbele ya watu. Tangu siku hiyo, kila tukionana, kabla hata ya salamu, huniuliza hivyo. Aliacha kuniuliza mwaka jana. Nilidhani hataniuliza tena.

Basi mwambie Omondi nimempa jina langu, alitumie. Akiitwa, aitikie. Na akiulizwa, asinyamaze. Aseme, "Nimewafungulia, dada. Wa chini wamepata." Mfundishe aseme kwa Kibukusu, polepole, na aseme mara anapoulizwa, maana Crispus wake siku zile alikuwa anasikia.

Mjomba wako